Uvungu Usiokaguliwa

Kamati ya Wanawake ya Usafi wa Kijiji cha Vaimalu iliwatangazia wakazi wote kwamba ukaguzi wa nyumba wa robo ya tatu ya mwaka ungefanyika Jumanne kuanzia saa mbili asubuhi. Kwamba kila nyumba ingeandaa mikeka, vyandarua, foronya na vikombe vya kupokelea wageni. Kwamba kikombe kisicho na mkono kisingehesabiwa kuwa kikombe. Na kwamba mbwa wasionekane. Tangazo hilo lilisomwa kanisani baada ya ibada ya pili na katibu wa kamati, Bi Siniva, mjane wa miaka sitini na mitatu ambaye sauti yake ilifika benchi la nyuma bila msaada wa kipaza sauti. Alilisoma mara mbili. Mara ya pili alikitilia mkazo kifungu cha vikombe, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kimegharimu mikutano mitatu.

Kifungu cha mbwa hakikuhitaji mkazo. Kilikuwamo katika matangazo tangu kabla umeme haujafika upande huo wa kisiwa cha Savaii. Mbwa aliyeonekana siku ya ukaguzi alimgharimu mwenyewe katoni moja ya samaki wa makopo, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kutozwa. Kwa mujibu wa daftari la kamati, Vaimalu, kijiji cha nyumba arobaini na moja, hakikuwa na mbwa hata mmoja. Bi Siniva alipokuwa akisoma, wawili walikuwa wamelala mlangoni mwa kanisa.

Mchana wa siku hiyo walikula magimbi, samaki, shelisheli la kuchoma na majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui. Bi Siniva na mwanawe Semisi, mkulima wa kakao, walikula kwanza. Ruta, mke wa Semisi, aliyetoka kijiji kingine na kwa hiyo hakuwa na neno lolote katika mambo ya Vaimalu, alikaa pembeni akiwapepea nzi. Mtoto wao Lagi, wa miaka sita, alisimama katikati ya mkeka akifanya mazoezi ya aya yake ya Jumapili ya Watoto. Alikuwa ameishika karatasi mbali, upande wa kushoto, na shingo ameipinda.

"Nyoosha shingo, mtoto," alisema Bi Siniva. "Unasoma au unachungulia kwa jirani?"

"Nasoma, bibi."

"Kwa sikio?"

Semisi alicheka. Ruta hakucheka.

"Mama," alisema, "jicho lake la kulia linakwenda pembeni. Wiki ya pili sasa. Jana nilimfunika la kushoto nikamwonyesha kijiko. Hakukiona."

"Hakukiona au alijua kina dawa?"

"Kilikuwa kitupu, mama. Nilikuwa nawaza nimpeleke hospitali ya Apia kesho."

Bi Siniva aliutoa mwiba wa samaki kinywani na kuuweka ukingoni mwa sahani, sambamba na mingine. "Kesho mikeka inaanikwa. Keshokutwa ukaguzi. Kamati iingie nyumbani kwa katibu wake, imkute mkwe wa katibu yuko kwenye feri analamba aiskrimu? Jicho limengoja wiki mbili. Litangoja hadi Jumatano."

Ruta alimtazama mumewe.

"Jumatano si mbali," Semisi aliiambia sahani yake.

*

Nyumba ya Bi Siniva ilikuwa ya mbao, imesimama juu ya nguzo fupi za saruji, sakafu yake ikiwa usawa wa kiuno cha mtu mzima. Mbele kulikuwa na mawe yaliyopakwa chokaa na ua wa maua. Nyuma, pasipoonekana kutoka barabarani, kulikuwa na mwanya wa kuingilia uvunguni. Udongo wa humo ulikuwa mwepesi, wa kivuli, wenye unyevu kidogo. Jua halikuwa limeugusa tangu nyumba ijengwe. Koko, mbwa jike wa rangi ya kakao aliyelinda shamba dhidi ya nguruwe wa watu, alikuwa amezalia humo mara tano. Watoto wake wa safari hii walikuwa wanne, wenye matumbo ya mviringo yaliyoifurahisha familia nzima, kwa kuwa yalidhaniwa ni ya shibe.

Jumanne saa moja na nusu Semisi aliwasukumia mbwa wote uvunguni, akaziba mwanya kwa bati. Kabla hajaliegemeza bati la mwisho, Bi Siniva alimwita mjukuu wake na kumpa bakuli la maandazi ya moto.

"Ingia, mama. Kazi yako ni ileile. Wakilia, wape kipande. Wewe kula, wao wape. Usitoke mpaka nigonge sakafu mara tatu."

"Bibi, sijanawa."

"Utanawa ukitoka. Mle ndani nani anakuona?"

Ilikuwa mara ya nne mtoto kupewa kazi hiyo, na aliifanya vizuri. Alikaa vumbini, mtoto wa mbwa mapajani, akila kipande na kutoa kipande, akilamba sukari vidoleni kati ya kimoja na kingine. Juu ya kichwa chake wanawake wanane waliovaa sare walihesabu vikombe. Mbao zililia chini ya miguu yao.

"Ishirini na vinne," alisema Mama Mchungaji, mwenyekiti wa kamati. "Mikono yote ipo?"

"Yote, Mama Mchungaji. Shika mwenyewe."

"Nashika. Hiki kimeunganishwa na gundi."

"Kimeunganishwa, hakijakosekana. Kifungu kinasema kisicho na mkono."

Jambo hilo lilijadiliwa. Katikati ya mjadala, mbwa mmoja alipiga kelele uvunguni, na Bi Siniva akakohoa. Wanawake wengine wawili wakakohoa pia, kwa adabu. Kila nyumba ya Vaimalu ilikuwa na uvungu au banda, na kila mkaguzi alikuwa amewaacha mbwa wake wamefungiwa nyumbani.

Saa tisa alasiri matokeo yalitangazwa. Nyumba ya katibu ilikuwa ya kwanza. Zawadi ilikuwa beseni la bluu la kunawia mikono, lenye sabuni na taulo ndani yake, vyote vimefungwa katika nailoni inayong'aa. Familia ilipangwa mbele ya mlango kwa ajili ya picha. Lagi, aliyekuwa ametolewa uvunguni na kuvalishwa gauni jeupe juu ya vumbi lake, alikabidhiwa beseni alishike. Kwa kuwa kivuli kilikuwa kimeifunika baraza, Mama Mchungaji aliwasha mwanga wa simu. Alipoitazama picha, alikunja uso.

"Mtoto wenu ameharibu picha. Tazameni, jicho moja la mtu, moja la paka."

Wanawake walipokezana simu. "Kweli, hata panya hawatawasumbua," alisema mmoja, na wakacheka kwa namna wanayocheka walioshika nafasi ya pili. Ruta alikuwa amebeba sinia la chai. Hakuonyeshwa simu, wala hakuomba aonyeshwe. Picha ilitumwa vilevile kwa jamaa wa Vaimalu walioko ng'ambo, na beseni likawekwa juu ya kabati la vikombe, katika nailoni yake, ambapo lilionekana kutoka barabarani.

Simu ya Makerita, dada yake Semisi anayetunza wazee huko Auckland, iliingia kabla ya sala ya jioni.

"Picha nimeiona. Jicho la mtoto lina nini?"

"Ni ule mwanga wa simu, dada."

"Mwanga wa simu unafanya macho mekundu, tena yote mawili. La kwake moja ni jeupe kama la samaki aliyeiva. Kazini kwetu kuna bango ukutani lina picha kama hiyo hiyo. Limeandikwa: mpeleke leo. Umenisikia, Semisi? Halikuandikwa mpeleke baada ya ukaguzi."

"Nani kakuambia habari za ukaguzi?"

"Mimi nimezaliwa nyumba hiyo. Mpe mama simu."

Bi Siniva aliipokea simu, akasikiliza muda mrefu, akairudisha. Kisha alimwambia Ruta apange nguo za siku nne, zake na za mtoto, na nguo za bibi pia.

*

Hospitalini Apia mtoto alitiwa matone, akamulikwa, akapimwa damu, akalazwa chini ya mashine, na siku ya tatu akalazwa usingizi wa dawa ili madaktari wapate kulitazama jicho bila yeye kulifumba. Daktari Ailini alikuwa msichana wa miaka thelathini hivi, mzaliwa wa kisiwa hicho cha Upolu, mwenye miwani na kauli ya unyenyekevu inayostahili mbele ya wazee. Aliwaita bibi na mama katika chumba kidogo chenye viti vitatu. Lagi alikuwa amelala mapajani mwa mama yake, bandeji jichoni.

"Mama zangu, niwieni radhi kwa maneno nitakayosema. Nyuma ya jicho la kulia kuna kitu cheupe. Yako magonjwa mawili yanayoweza kufanya hivyo kwa mtoto wa umri huu. La kwanza ni uvimbe wa saratani."

Bi Siniva alinyoosha mgongo. "La pili?"

"La pili ni mnyoo wa mbwa. Mbwa, hasa mdogo, hutoa mayai ya minyoo katika kinyesi. Kinyesi kinaoza, kinapotea, mayai yanabaki udongoni miezi, hata miaka. Mtoto anashika udongo, anakula bila kunawa, yai linafika tumboni na kuanguliwa. Kinyoo kinatafuta njia mwilini mpaka kinakwama mahali. Kwake, kama ndicho, kimekwama jichoni."

"Na dawa?"

"Kama ni mnyoo, dawa ipo, na jicho linabaki mahali pake, ingawa sitaahidi kwamba litaona. Kama ni saratani, jicho linaondolewa, tena upesi, ili isimpande kichwani. Tumepima kila tunachoweza, na picha zinakataa kutuambia. Kipimo cha damu cha mnyoo kinafanyika New Zealand, majibu ni wiki mbili. Na daktari bingwa anayefanya upasuaji huu anaondoka kesho. Hatarudi kabla ya Februari." Aliivuta karatasi na kuiweka mezani. "Ndiyo sababu nauliza tena swali mliloulizwa siku ya kwanza. Nyumbani kuna mbwa?"

"Ameshajibiwa aliyeuliza," alisema Bi Siniva. "Hakuna."

"Hata wa jirani anayeingia uani?"

"Daktari, mimi ni katibu wa Kamati ya Usafi. Nyumba yangu imekuwa ya kwanza mara tatu mfululizo. Daftari lipo. Nyumba yetu haina mbwa."

Hakusema hivyo kwa ubaya. Alikuwa ameliandika jibu hilo kwa mkono wake mara nne kila mwaka kwa miaka kumi na tisa, na jibu lililoandikwa mara nyingi kiasi hicho huacha kuwa uongo kwa mwenye kuliandika; huwa taratibu. Wala hakuona mbwa wana uhusiano gani na jicho, kama vile asivyoona kuku wana uhusiano gani na sikio.

Daktari alivua miwani. "Basi, mama zangu, kama hakuna mbwa, bingwa anashauri liondolewe. Hatuwezi kungoja wiki mbili tukicheza na saratani. Naomba saini ya mzazi."

Kwa kuwa alikuwa mkubwa, Bi Siniva ndiye aliyeichukua kalamu. Aliisoma karatasi yote, pamoja na maandishi madogo ya chini. Ruta alikuwa akitazama kucha za mwanawe. Walikuwa wamemwogesha mara mbili hospitalini, na bado kulikuwa na weusi chini ya kucha ya kidole gumba.

"Wako wanne," alisema.

"Ruta," alisema Bi Siniva.

"Wanne na mama yao."

"Ruta, unaongea na nani?"

"Naongea na daktari, mama." Hakuwa ameinua macho. "Wako uvunguni. Kila ukaguzi tunawafungia humo, na mtoto tunamfungia nao ili wasilie. Anakula humo humo. Hii ni mara ya nne. Siku nyingine anaingia mwenyewe, ameshazoea."

Nje mtu alikuwa akisukuma kitanda chenye gurudumu bovu. Daktari Ailini alivaa miwani yake, akaichukua karatasi kutoka mbele ya Bi Siniva, akaikunja mara mbili.

"Ngojeni hapa," alisema. "Tafadhali msiondoke. Bingwa bado yuko chumba cha upasuaji."

Alitoka karibu kwa kukimbia. Bi Siniva alibaki na kalamu mkononi.

"Umenivua nguo mbele ya yule msichana daktari," alisema hatimaye.

"Ndiyo, mama."

"Ungeniambia nje. Ningemwambia mimi."

"Ungemwambia, mama?"

Bi Siniva aliifikiria hoja hiyo kwa uadilifu wa mtu aliyezoea kumbukumbu za mikutano, kisha akaiweka kalamu mezani.

*

Jicho halikuondolewa. Baada ya wiki mbili majibu ya New Zealand yalithibitisha mnyoo. Uvimbe ulikuwa umetulia kwa dawa, lakini kovu lilikuwa limevuta kile kinachoona. Kwa jicho la kulia Lagi aliweza kutambua kama mkono unapita mbele yake, si mkono wa nani. Jicho la kushoto lilikuwa zima. Daktari alisema kwa simu, akarudia, kwamba hilo ndilo alilobaki nalo, na kwamba hataki kusikia amemeza yai lingine.

Semisi aliuzungushia uvungu mbao na misumari. Dawa ya minyoo ya mbwa aliifuata Apia mwenyewe, akampa Koko na watoto wake, akapewa nyingine ya kurudia. Asubuhi ya tatu Ruta alimkuta Bi Siniva ameliteremsha beseni la bluu, ameichana nailoni, amelijaza maji na kuliweka kwenye kizingiti cha nyuma, sabuni pembeni. Alama ya mviringo isiyo na vumbi ilibaki juu ya kabati.

"Lagi!" aliita kwa sauti ya kanisani. "Njoo hapa. Mikono. Yote miwili. Kucha pia, usinidanganye."

Hata hivyo, mbao hazikuzuia ua. Mbwa wa nyumba za jirani walipita kila asubuhi, wakajisaidia kwenye mchanga ambamo watoto walicheza mpira, wakaenda zao. Ruta aliokota kwa koleo mpaka mgongo ukamuuma, na kesho yake aliokota tena. Mbwa wa Vaimalu walikuwa kitu kimoja. Kumtibu mmoja kulikuwa sawa na kukausha kona moja ya mkeka uliolowa.

Ndipo barua ikaja. Ilikuwa na muhuri, imeandikwa kwa kamati kupitia kwa katibu, na Daktari Ailini alikuwa ameitia saini. Bi Siniva aliisoma akiwa amesimama, akaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo, na kwa siku nne kitabu hicho hakikufunguliwa.

"Mama," Ruta alimwuliza siku ya tano wakiwa wanakuna nazi, "ile barua utaisoma?"

"Kwa nini nisiisome?"

"Imetutaja."

Mbuzi ya nazi ilikwaruza mara kadhaa. "Barua iliyoandikwa kwa kamati husomwa kwenye kamati," alisema Bi Siniva. "Kama katibu anachagua ya kusoma na ya kukalia, kamati itakuwa na katibu wa nini?"

*

Alisoma yote. Wanawake thelathini na wanane walikuwa wamekaa kwenye mikeka katika nyumba ya kamati; wake waliotoka vijiji vingine walikuwa nyuma kabisa, karibu na birika, na Ruta miongoni mwao. Barua iliomba mambo manne: mbwa wote wa kijiji wahesabiwe na wapewe dawa siku moja, na irudiwe, vinyesi viokotwe kila siku, watoto wasiingie uvunguni, na watoto wanawe mikono kabla ya kula. Dawa ingeletwa na daktari wa mifugo, bila malipo, mara kamati ikishapeleka idadi. Aya ya mwisho ilieleza ni mtoto wa nyumba ipi na alikuwa akifanya nini uvunguni. Sauti ya Bi Siniva haikushuka hapo. Ilifika hadi kwenye birika.

Wa kwanza kusema alikuwa Bi Tofi, ambaye nyumba yake ilikuwa ya pili mara tatu mfululizo.

"Mama Mchungaji, kwa heshima zote za kikao. Nimesikia vizuri kwamba nyumba ya kwanza ilikuwa na mbwa watano?"

"Barua imesema hivyo."

"Siku ya ukaguzi?"

"Bi Tofi, tunazungumzia jicho la mtoto."

"Jicho tunalihurumia wote. Mimi nauliza beseni."

Wengine waliguna kukubali. Mmoja alisema beseni lilikuwa lake yeye aliyefuata, mwingine akasema kama ni hivyo basi na vikombe vya gundi vifunguliwe upya. Bi Siniva alikuwa akiandika kumbukumbu. Aliyaandika yote hayo.

Mama Mchungaji aligonga sakafu kwa kiganja. Hakuwa mtu mbaya, na alikuwa na wajukuu. "Twende kwenye ombi la daktari. Anataka idadi. Si jambo gumu. Kila mwenye mbwa ainue mkono, katibu ahesabu, dawa ije, tumalize."

Wanawake walitazama mikeka. Nje, karibu na mfereji, mbwa wawili walikuwa wakigombania kitu, na kelele zao ziliingia wazi, kwa kuwa nyumba ya kamati ilikuwa ya nguzo na paa tu, haina kuta.

"Kwa ufafanuzi tu," aliuliza mwanamke mmoja, "anayeinua mkono, ile katoni ya samaki inamhusu?"

"Kifungu kinasema akionekana siku ya ukaguzi," alisema Mama Mchungaji.

"Lakini akiandikwa leo, siku ya ukaguzi kamati itajua yupo."

"Itajua."

"Ikijua, itamtafuta?"

Mwenyekiti alikiri kwamba hilo halikuwa limewahi kufikiriwa.

"Sisi kwetu hatuna mbwa," alisema Bi Tofi. "Wanapita tu."

"Hata kwetu wanapita."

"Wanatoka juu, kwenye mashamba."

"Wa mashamba ni wa nani?"

"Ni wa mashamba."

Mkono uliinuka nyuma, karibu na birika. Ulikuwa wa Ruta, na ulikuwa bado umeshika kijiko cha sukari. Mama Mchungaji aliutazama kwa upole. "Mwanangu, tumekuona. Lakini walio huko nyuma hawapigi kura, unajua. Shusha mkono, chai isipoe."

Hapo Bi Siniva aliweka kalamu chini na kuinua wake. Aliuinua juu kabisa, mkono ulionyooka wa mtu aliyefundisha shule ya Jumapili, na akakaa hivyo akizungusha macho uso hadi uso, mpaka kila aliyewahi kukohoa nyumbani kwake akawa ameangalia pembeni. Kiwiko kilianza kutetemeka. Alikaa nao juu.

"Mmoja," alisema Mama Mchungaji hatimaye, kwa sauti ndogo. "Mtu mwingine?"

Nje mbwa walipata suluhu na kunyamaza.

"Hatuwezi kumwita daktari wa mifugo avuke bahari kwa nyumba moja," alisema Bi Tofi. "Tena mbwa wa nyumba hiyo wameshapewa dawa."

Hakuna aliyeweza kulipinga hilo, kwa kuwa lilikuwa kweli. Chai ilinywewa. Kikao kiliendelea kwa saa moja na nusu, na Bi Siniva aliandika kila kitu kwa mwandiko wake mzuri, bila kufuta neno.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada ya pili, alisimama mbele ya kanisa akiwa na karatasi. Lagi alikaa benchi la pili na gauni lake jeupe, kichwa amekigeuza upande wa kulia ili aweze kumwona bibi yake kwa jicho la kushoto. Sauti ilifika benchi la nyuma kama kawaida.

Kamati ya Wanawake ya Usafi wa Kijiji cha Vaimalu, baada ya kupokea barua ya daktari na kuijadili kwa kina, imeazimia kwamba barua hiyo ihifadhiwe kwenye jalada kwa shukrani. Kwamba nyumba ya kwanza ya robo ya tatu ifutwe katika daftari, na beseni lirudishwe kabla ya Jumamosi, hata kama limeshatumika. Kwamba kikombe chenye mkono wa gundi kihesabiwe nusu. Na kwamba, ili aibu iliyotokea isijirudie, kuanzia ukaguzi ujao mbwa wote wafungiwe uvunguni tangu jioni ya siku iliyotangulia, wasionekane wala wasisikike, na kila nyumba iteue mtoto mmoja mtulivu wa kukaa nao.